Mitungi Sita ya Mbeyu

Chupa ililipuka saa sita kasorobo mchana, katikati ya soko la Malindi, na aliyelipukiwa alikuwa Musembi.

Siku ya Ijumaa soko lile halina nafasi ya kuweka mguu. Watu wanataka kumaliza ununuzi kabla ya swala, wenye mikokoteni wanapiga kelele wapishwe, mabuibui na madera na suruali za jinzi vinasuguana kwenye vichochoro vya nyanya na ndizi. Musembi alikuwa anakatiza humo mbio mbio kuwahi gari la Watamu. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili, na kwapani alibana bahasha ya vyeti, maana saa saba na nusu alikuwa na miadi na meneja wa hoteli moja iliyotafuta fundi wa friji. Alipofika mbele ya meza ndogo iliyopangwa chupa, kizibo cha chupa moja kikaruka, pwaa! Povu likamchapa kuanzia kidevuni hadi kwenye mshipi.

"Masalale!" mwenye meza aliruka. "Kaka, samahani! Samahani sana. Haijakuingia machoni?"

"Imeingia kila mahali isipokuwa machoni." Musembi alinusa kola ya shati lake. "Dada, hii ni pombe?"

"Pombe gani! Ni shira ya mnazi, tamu, naichemsha mwenyewe kwa..." Akanyamaza, akanusa naye. "Basi, ilikuwa shira. Imeanza kuchacha."

"Mimi nakwenda kuomba kazi."

"Uwii, mamangu mie!"

Muuza mchicha wa meza ya pili alikuwa amejishika mbavu. "Leo mtu wa bara amelewa bila kunywa!"

Watu wakasimama kutazama. Msichana akavua leso begani, nyekundu yenye maua meupe, akaanza kumpangusa kifuani bila kuomba ruhusa. Alikuwa mrefu, mwembamba, dera lake la kijani amelikaza kiunoni kwa kamba ili limruhusu kufanya kazi, na mashavuni alikuwa na vishimo viwili ambavyo havikungoja acheke ndipo vitokee. Musembi alijaribu kukasirika. Ilikuwa haki yake kabisa, na hakuweza.

Kilichomduwaza zaidi ni alichofanya msichana baada ya kumpangusa. Katikati ya vicheko vile vyote, aliiokota chupa iliyolipuka, akaibandika kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi za mviringo: *Chupa ya thelathini na moja. Nilikaza kizibo shira ikiwa bado vuguvugu.*

"Unaandika nini sasa?"

"Kosa langu. Nisipoliandika nitalirudia. Haya chukua leso hii, ujifunike mpaka shati likauke. Naitwa Mbeyu. Meza yangu ni hii hii, leso yangu naitaka."

Musembi alifika Watamu shati limekauka lakini harufu haijamtoka. Askari wa getini alimtazama mara mbili. Meneja alimkaribisha, akasogea karibu kupokea vyeti, akarudi nyuma hatua moja, kisha akamwambia aje siku nyingine. Siku yenyewe hakuitaja.

Kesho yake Musembi aliirudisha leso, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Kazi umepata?" Mbeyu aliuliza.

"Nimepata harufu."

Mbeyu alicheka, halafu akajifunika mdomo. "Nimekukosesha riziki, na wewe wanifulia leso!"

"Umenipa sababu ya kurudi sokoni."

"Ehe! Watu wa bara mna maneno kumbe. Kaa hapo, nikununulie mbaazi na mahamri. Angalau nikulipe kifungua kinywa."

Mapenzi yao yalianzia kwenye sahani hiyo. Miezi miwili ikapita bila wao kujua imepitaje. Musembi alipata vibarua vya kutengeneza friji za mabaa na mahoteli madogo, na popote alipokuwa, simu ililia.

"Haloo, fundi barafu."

"Haloo, mama shira."

"Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana naikata sasa hivi."

"Usikate! Nitakuja jioni na samaki wa kupaka."

"Njoo na limau pia. Mpenzi asiye na limau simfungulii mlango."

Mbeyu alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Muyeye, kimoja cha kulala na kingine cha kazi. Kila asubuhi bodaboda alimletea dumu la mnazi mtamu, utomvu uliogemwa alfajiri, kutoka Jilore, kwa baba yake, Mzee Nzai, mgema aliyekwea minazi tangu ujana wake. Mnazi ukigemwa tu huanza kubadilika. Usipouwahi kwa moto asubuhi ile ile, utamu unakimbia na ukali unaingia, na wanaoupenda ukali ni wanywaji. Mbeyu alitaka utamu wenyewe auweke kwenye chupa, ufike mezani kwa watu wasiowahi kuuonja. Miaka mitatu alikuwa akijaribu.

Mara ya kwanza Musembi alipoingia chumba cha kazi, alisimama mlangoni. Ukuta mzima ulikuwa na rafu, na rafu zote zilikuwa na chupa zilizoharibika. Nyingine zimeungua zikawa nyeusi, nyingine zimeganda sukari, nyingine zimepasuka shingo. Kila moja ilikuwa na karatasi yake. *Moto mkali. Dumu halikuoshwa vizuri. Mvua, bodaboda alichelewa. Sijui.* Zile za "sijui" zilikuwa tisa.

"Huu ni ukuta wa nini?"

"Wa shule. Hapa ndipo niliposomea."

"Huoni haya wageni wakiuona?"

Mbeyu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Haya ya nini? Mimi nimezikosea zote hizi na bado niko hapa."

Musembi alizitazama zile chupa moja moja, na akajihisi mdogo. Hakuwahi kuona mtu akiishi na makosa yake yakiwa wazi hivyo, akala na kulala na kuimba mbele yake. Alistaajabu, na ndani ya ule ustaajabu palikuwa na hofu, kwa sababu yeye alikuwa na kosa lake Mtwapa ambalo hakumwambia mtu.

Mwaka uliopita alikuwa na karakana Mtwapa, yenye kibao cha jina lake barabarani. Akatengeneza friza ya Moraa, mfanyabiashara wa samaki, na siku ya pili friza ikafa na samaki wote wakaoza. Habari zikazagaa, wateja wakapungua. Asubuhi moja Musembi akang'oa kibao, akapakia vyombo vyake, akahamia Malindi bila kumuaga hata jirani. Mbeyu, aliyejua tu kwamba ana karakana Mtwapa, alipomuuliza kunaendeleaje, alimjibu kwamba kuna vijana wake wanaiangalia kazi. Ulikuwa uongo mdogo, na kila wiki aliulisha ukakua.

Sasa lipo jambo ambalo Musembi hakulijua, nasi tulijue mapema tusije tukamwonea mtu. Mwanzoni mwa Oktoba, Mbeyu alipeleka shira kwa Idah, mpishi mkuu wa mkahawa mmoja wa Watamu. Chupa zikachacha njiani. Idah alionja, akakunja uso, akaonja tena, akamuuliza: "Mbeyu, hii ukiiacha iendelee itafika wapi?" Mbeyu hakuwa amewahi kujiuliza. Miaka mitatu alipigana na ukali, hakufikiria kuuacha upite uende unakokwenda. Idah akamwambia wazi: "Shira yako nzuri, lakini kila mtu ana kitu kitamu. Niletee siki ya mnazi, siki safi, kabla ya Krismasi wageni hawajajaa. Ikinipendeza nitaiweka kila meza. Ikikosekana nitaagiza ya dukani kama kila mwaka."

Mbeyu akanunua mitungi sita mikubwa ya kioo, akaijaza mnazi, akaifunga midomo kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa, akaisukuma pembeni kwenye giza. Zilihitajika siku arubaini au zaidi. Musembi mwenyewe hakuambiwa neno. Kwao alilelewa hivyo, jambo linaloiva halitangazwi, macho na midomo ya watu isije ikaliharibu. Hata baba yake hakumwambia. Alikuwa ameshatangaza mafanikio mara nyingi na kuaibika mara nyingi, na safari hii aliliweka moyoni kama mimba changa.

Katikati ya Novemba akafiwa na shangazi. Akaenda mazikoni Jilore, siku nne, akamwachia Musembi ufunguo ili amtengenezee friji iliyokuwa ikivuja.

Musembi alimaliza friji mapema. Akasikia harufu kali kutoka pembeni, akaifuata, akavuta kitambaa cha mtungi wa kwanza. Juu ya mnazi palikuwa na ngozi. Ngozi nene, nyeupe, yenye utelezi, imetanda kutoka ukingo hadi ukingo, na vijinzi vinazunguka juu yake. Akafungua wa pili, ukawa vile vile. Yote sita. Musembi alikumbuka wiki iliyotangulia, alivyomkuta Mbeyu ameinamisha kichwa mezani analilia chupa ya hamsini na mbili. Akamwona akirudi kutoka mazikoni, amechoka, macho mekundu, akikutana na uozo huu. Moyo ukamuuma kwa huruma.

Basi akaibeba mitungi nje, mmoja baada ya mwingine, akamwaga yote kwenye mtaro. Vitambaa akavitupa ndani ya ndoo. Mitungi akaisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ikang'aa, akaipanga juani. Ilimchukua mchana mzima. Alifurahi sana alipomaliza.

Mbeyu alirudi Jumapili alasiri, leso nyeusi kichwani, vumbi la Jilore miguuni. Alimkumbatia, akaingia chumba cha kazi, akarudi mlangoni.

"Musembi."

"Naam, laazizi."

"Mitungi yangu iko wapi?"

"Iko uani, imeoshwa. Utajiona humo kama kioo."

"Na iliyokuwamo?"

"Nilimwaga. Ilikuwa imeoza, mpenzi, imeota ngozi. Sikutaka utoke msibani uikute."

Mbeyu alikaa kwenye kizingiti polepole. "Siku thelathini na tatu," alisema. "Nilikuwa nazihesabu hata mazikoni."

Akamweleza yote, Idah, siki, Krismasi. Akamweleza kwamba ile ngozi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, ndiyo aliyoiomba usiku na mchana itokee. Musembi alisikiliza mikono ikimning'inia.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Simu unayo. Kutwa wanipigia kuniuliza nimekula nini, hili ndilo lililokushinda kuuliza?"

"Nilitaka kukuondolea huzuni."

"Nani alikwambia nataka kuondolewa? Umeuona ukuta wangu. Umeniona nikimwaga kitu bila kukiandika?" Sasa sauti ilipanda. "Wewe kitu kikikosea hukitazami, Musembi. Unakizika mbio kabla watu hawajajua. Kama ulivyofanya Mtwapa."

"Nani amekwambia habari za Mtwapa?"

"Mteja wangu wa huko. Aliniuliza, yule fundi Musembi aliyetoroka yuko hai? Miezi hiyo yote nangoja uniambie mwenyewe. Wanijibu kuna vijana wanaangalia kazi. Vijana gani?"

Musembi aligeuza uso, akaitazama mitungi inayong'aa uani.

"Acha ufunguo mezani," Mbeyu alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Musembi alipiga simu siku hiyo na siku zilizofuata, haikupokelewa. Siku ya nne ikapokelewa.

"Mbeyu! Mpenzi, nisikilize..."

"Nisikilize wewe kwanza. Sijakuchukia. Ningekuchukia ningelala vizuri. Lakini siwezi kujenga na mtu ambaye akiona kosa anatafuta mtaro. Nipishe, tafadhali."

Simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la Mtwapa.

Moraa alikuwa pale pale kwenye kibanda chake, aproni ya plastiki kiunoni, anapaa samaki aina ya changu. Alimtazama kama mtu aliyefufuka.

"Weh! Musembi? Mimi nilishakuzika."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa ajili ya friza."

"Friza ya mwaka jana?"

"Ndiyo. Na kukuomba radhi."

Moraa aliweka kisu chini. "Unajua kilichoniuma? Si samaki. Samaki huoza, ndiyo kazi yangu, nawajua. Nilikuja karakana kwako asubuhi tuangalie pamoja imeharibika nini. Nikakuta mlango umefungwa na kibao hakuna. Ningekungoja, kijana. Watu wengi hapa wangekungoja."

Friza ilikuwa pembeni, imegeuzwa meza ya kuwekea magunia. Musembi aliifungua, na kwa mara ya kwanza akalitazama kosa lake uso kwa uso. Lilikuwa dogo ajabu. Kiungo kimoja cha bomba, alichokichomea kwa haraka siku ambayo wateja walikuwa wengi, kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwa ufa huo alikuwa ameukimbia mji mzima. Alikichomea upya taratibu, akajaza gesi, akangoja mpaka barafu ikaanza kushika ukutani. Kisha akabandika kipande cha karatasi ndani ya mlango: *Kiungo cha bomba. Nilikichomea kwa haraka.*

Akaipiga picha karatasi ile, akamtumia Mbeyu bila neno lolote. Alama za kusomwa zilitokea. Jibu halikuja.

Alikaa Mtwapa akazunguka kwa wateja wake wa zamani, nyumba kwa nyumba. Wawili walimfukuza. Watano walimpa kazi. Jioni moja, wiki ya pili ya Disemba, alikuwa amelala chali chini ya friji ya bucha moja simu ilipolia, akajigonga paji la uso kwa kukimbilia.

"Fundi barafu."

"Mbeyu!"

"Njoo uone."

"Nione nini?"

"Nimesema njoo. Au umesahau njia?"

Kesho yake asubuhi alikuwa Muyeye, na limau mfukoni. Mbeyu alivaa gauni la kitenge cha samawati, nywele amezisuka upya, na hakumsalimia kwa kumkumbatia. Alimshika mkono tu, akamwongoza mpaka chumba cha kazi. Idah alikuwa amekaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, sahani ya matango magotini.

"Huyu ndiye?" Idah aliuliza.

"Ndiye."

"Aliyemwaga?"

"Aliyemwaga."

"Mwanangu, ungekuwa jikoni kwangu ningekukaanga," Idah alisema, na Musembi akaitikia kwamba angestahili.

Mbeyu aliubeba mtungi mmoja kwa mikono miwili mpaka dirishani. "Siku ile ulipoondoka nilikwenda kufua vile vitambaa ulivyovitupa ndani ya ndoo. Kimoja kilikuwa na kipande cha ngozi kimegandia, kidogo kama ukucha. Nikapiga simu Jilore, nikaomba mnazi mwingine, nikakitia humo. Sikuwa na matumaini. Kumbe mnazi ukipata ngozi iliyokwisha komaa haungoji siku arubaini. Nilifanya tu kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Haya, tazama."

Musembi aliinama. Jua la asubuhi lilipita katikati ya kioo. Chini, siki ilikuwa safi, rangi ya asali nyepesi, na juu yake imeelea ngozi ile aliyoichukia. Safari hii aliitazama vizuri. Haikuwa uchafu. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka, kila moja nyembamba na nyeupe, na kutoka upande wa chini zilining'inia nyuzi laini zilizocheza polepole ingawa mtungi ulikuwa umetulia. Kilikuwa kitu hai. Kilijitengeneza chenyewe, kwenye giza, kutokana na mnazi ulioonekana umeharibika na kipande kidogo kama ukucha, na hapakuwa na mtu aliyekipa umbo. Aliona jinsi alivyouchukua uhai kama huo, mitungi sita, akaumwaga kwenye mtaro huku anafurahi. Na aliona mwanamke aliyekaa chini akafua vitambaa siku ile ile aliyopoteza kila kitu.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua kutazama."

"Picha yako ya friza niliiona," Mbeyu alijibu. "Nimeitazama kila siku."

Idah alichovya tango, akatafuna huku amefumba macho. Wote wawili walimngoja. Alichovya la pili. "Meza zote," alisema. "Na hata ukiijaza mitungi yote sita, haitoshi."

Mbeyu alipiga kelele ya furaha, akamrukia Musembi shingoni, limau likaanguka likabingirika mpaka uvunguni.

Ilibaki posa. Hilo nalo lina adabu zake. Kwa kina Nzai, mchumba huleta kadzama, kibuyu cha mnazi, na kibuyu hicho mgema akishakiziba kwa kuti hakifunguliwi njiani. Hufunguliwa mbele ya wazee na binti mwenyewe, na binti ndiye aulizwaye kama mnazi unywewe au usinywewe. Akisema usinywewe, wageni hubeba kibuyu chao wakaenda zao, na hakuna wa kumlaumu.

Musembi alipanga siku, Alhamisi moja ya Januari. Mnazi ukagemwa alfajiri ya siku hiyo. Mjomba wake Kyalo, ambaye ndiye angekuwa msemaji, alikuwa anatoka Kibwezi kwa basi, na basi likaharibika njiani. Alifika Malindi Ijumaa jioni. Jilore wakaenda Jumamosi, na kibuyu kilikuwa kimelala siku mbili.

Ndani ya teksi Musembi alikisogeza puani, akajua.

"Mjomba, umechacha."

"Basi tununue mwingine hapa njiani, tumwage huu. Nani ataujua?"

"Ndivyo nilivyofanya Mtwapa, mjomba. Nimechoka kuficha."

"Utatuaibisha mbele ya mgema! Mgema, Musembi!"

"Najua."

Wazee walikuwa wamekaa barazani, Mzee Nzai katikati, mtu mfupi mwenye nyayo ngumu za kupandia minazi. Musembi aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Kyalo alisema maneno ya posa kwa ufupi, kama anayetaka yaishe. Mzee Nzai akaondoa kuti, na harufu ikatoka kabla ya mnazi. Mzee wa pembeni akakohoa. Mwingine akatazama chini.

"Baba," Musembi alisema kabla ya mtu mwingine kusema, "mnazi huu umelala siku mbili kwa sababu yetu. Umechacha. Ningeweza kununua mwingine njiani. Nimeona nikuletee huu nikuambie."

Mzee Nzai alimkazia macho. "Unajua ni nini kumletea mgema mnazi uliochacha?"

"Najua, baba."

"Nimeletewa mnazi uliochacha mara nyingi katika baraza hii. Kila mara nimeambiwa umegemwa leo asubuhi." Akakuna kidevu, na hakuna aliyejua kama amekasirika au anataka kucheka. "Lakini si mimi niulizwaye. Mbeyu! Njoo."

Mbeyu alitoka ndani, leso mbili mpya za rangi ya machungwa, miguu mitupu, macho chini kama inavyotakiwa. Akapiga magoti mbele ya kibuyu.

"Mnazi wa watu umekuja," baba yake alisema. "Umeharibika, na mwenyewe amekiri. Nakuuliza mbele ya wazee. Tunywe au tusinywe?"

Musembi hakuweza kumtazama. Alitazama mikono yake, mikono iliyobeba mitungi sita hadi mtaroni, na akajua kwamba akiambiwa abebe kibuyu aondoke hatakuwa na neno la kujitetea. Mbeyu alichota kwa kifuu cha nazi, akanywa. Uso ulimkunjamana, machozi yakamlenga. Hakukiweka chini. Alikinywa mpaka mwisho, kisha akainua macho akamtazama Musembi, na vile vishimo viwili vikatokea.

"Haujaharibika, baba," alisema. "Haujafika tu. Mnywe, lakini msiumalize, nibakizieni wa kutia mtungini."

Vigelegele vilipasuka kutoka ndani, ambako kina mama walikuwa wamebana masikio mlangoni. Mzee Nzai alichota, akanywa jicho moja limefumba, akamkabidhi kifuu mgeni wake. Mjomba Kyalo alikipokea kwa mikono miwili, akamtazama mpwa wake, akavuta pumzi, akanywa.